PICHA INA MWENYEWE: TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE



Tangu juma lililopita grupu la tawi limejaa ule ujumbe wa kunakili na kubandika, unaosema mwenye akaunti anaikataza Facebook kutumia picha zake, na kwamba asiyeubandika kabla ya usiku wa manane atahesabiwa amekubali. Tunaomba usitishwe leo. Ujumbe wa namna hiyo unazunguka dunia tangu 2012, unabadilishwa nguo tu, na haujawahi kumlinda mtu. Ni sawa na mpangaji kuandika kwa chaki mlangoni kwamba kuanzia leo halipi kodi.

Hatuwacheki waliousambaza. Hofu iliyomo ndani yake ni ya kweli, na inastahili jibu lenye maana kuliko kuambiwa "acheni ushamba", kama alivyojibu mmoja wetu.

*Picha uliyoipiga ni yako, hata baada ya kuiweka Facebook au Instagram.* Masharti yao yenyewe yanasema hivyo. Mchezo uko kwenye mistari inayofuata: unawapa leseni ya kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuionyesha popote duniani, na hata kumpa mwingine leseni hiyo, bila kukulipa senti. Shamba linabaki kwa jina lako, hati unayo kabatini, lakini mgeni kapewa ruhusa ya kuvuna msimu hadi msimu. Ukiifuta picha, leseni inakoma. Nakala ambazo wengine wameshazisambaza zinaendelea na safari. Na yote hayo yamewekwa kwenye maandishi marefu ambayo hakuna anayeyasoma akiwa amebanwa kwenye daladala, anabonyeza "kubali" ili aone picha za harusi ya binamu yake. Kwetu sisi hiyo ni dhuluma, hata kama ina sahihi.

Hata hivyo, leseni hiyo ni ya kampuni. Haikutolewa kwa kila mpita njia. Na hapa ndipo tunapotaka kugombana na watu wa karibu zaidi.

Wote mmeliona bango la lile duka la vyakula vya kugandishwa, njia ya kwenda stendi. Uso uliopo pale ni wa mwanachama mwenzetu, mama anayeuza dagaa sokoni kwa zaidi ya miaka kumi. Kijana wetu wa hamasa alimpiga picha siku ya mkutano wa tawi, akaiweka Instagram, mwenye duka akaidaka huko. Sasa mama anakaa na sinia lake la dagaa huku sura yake mwenyewe, imekuzwa kuliko mlango, ikiwaita wateja wakanunue kwa mwingine. Ndugu zake wanadhani kalipwa, wanakuja kukopa. Alichopata ni kanga doti moja, tena baada ya kulalamika. Wajumbe wetu walipokwenda kuuliza, mwenye duka akajibu kwamba picha kaitoa mtandaoni, na mtandaoni hakuna mwenyewe.

Yupo. Wakubwa kuliko mwenye duka walijaribu hoja ya namna hiyo mahakamani wakashindwa. Januari 2010, siku tetemeko lilipoipiga Haiti, mpiga picha wa huko aitwaye Daniel Morel aliweka picha zake Twitter. Mtu mwingine akazichukua akazitoa kama zake, shirika la habari la AFP likazipata kwa njia hiyo, Getty nao wakazisambaza. AFP wakadai masharti ya Twitter yanawaruhusu. Jaji wa New York akakataa: kuweka picha Twitter si kuwapa AFP. Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama likaamua Morel alipwe dola milioni 1.2. Hapa kwetu nako Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na picha ni miongoni mwa kazi inazozilinda.

Mwanachama mmoja ameandika kwenye grupu kwamba mama alitabasamu mbele ya simu, kwa hiyo aliridhia. Aliridhia nini? Aliridhia picha ya mkutano wa tawi lake. Ukimkaribisha mtu sebuleni hujampa ruhusa ya kulala chumbani. Tena watu wengi wanachanganya jambo hili: hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, si ya anayeonekana. Kwa hiyo mwenye duka alipaswa kubisha milango miwili. Wa kwanza ni wa kijana aliyepiga. Wa pili ni wa mama, kwa sababu uso wake ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Hakubisha hata mmoja. Majirani zetu Kenya hawana mzaha na hili: Septemba 2023 mamlaka yao ya data iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za huko kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia.

Wale wanaouliza kuhusu picha za humu humu WhatsApp: ujumbe wa grupu umefungwa tangu 2016 kiasi kwamba kampuni haiwezi kuuona. Anayevujisha ni mwanachama mwenye kidole chepesi.

Turudi kwa wakubwa. Meta, wenye Facebook na Instagram, walisema wazi mwaka 2023 kwamba wanatumia machapisho na picha za hadharani kuifundisha akili mnemba yao. Watu wa Ulaya walipewa fomu ya kukataa. Brazil, Julai 2024, mamlaka ya data iliwasimamisha, na hawakuruhusiwa kuendelea mpaka walipokubali kuwaarifu watu na kuwapa njia ya kupinga. Sisi fomu yetu iko wapi? Uso wa mama wa dagaa una thamani ndogo kuliko wa mama wa São Paulo? *Tunamtaka mbunge wetu alipeleke swali hili bungeni, na tunaitaka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi idai kwa Watanzania haki ile ile.* Asije mtu akasema kampuni hizi hazisikii. Desemba 2012 Instagram ilitangaza masharti ambayo watu waliyasoma kama ruhusa ya kuuza picha zao kwa wenye matangazo. Watu wakachachamaa, wakaanza kufunga akaunti, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma. Kilichowarudisha ni hasara waliyoiona mbele, si ujumbe wa kubandika.

Na tusiwanyooshee wengine kidole tu. Msimu wa watia nia unakuja, na kila mmoja atataka picha za akina mama wakishangilia. Kuanzia sasa anayetaka picha ya mwanachama wa tawi hili kwa kipeperushi, bango au kalenda, amwombe mwenye uso na aliyepiga, kwa maandishi, na aseme ya nini. Agizo hili linamhusu mgombea wetu, na linazihusu ngazi za juu za chama pia. Picha za watoto hazitoki bila mzazi.

Barua ya kudai bango lishushwe na mama na kijana walipwe itapelekwa dukani Jumatatu saa nne asubuhi. Wenye nafasi tukutane ofisi ya tawi saa tatu na nusu tuisindikize, kwa utulivu. Mwanachama mwingine ambaye picha yake imetumiwa bila ridhaa amletee Katibu Mwenezi skrinishoti pamoja na picha ya asili, kama bado anayo kwenye simu.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi, Idara ya Uenezi.