Amani Si Kunyamaza: Nunua Kitabu, Andika

Juzi nilienda kwa mkutano wa amani hapa mtaani. Unajua ile mikutano: hema, viti vya plastiki, soda, fulana nyeupe zimeandikwa "Amani", na mgeni wa heshima anafika saa mbili baada ya muda. Mama mmoja akainua mkono. Akauliza kesi ya kijana wake, aliyepigwa risasi mwaka juzi, imefika wapi. Kukawa kimya. Kisha aliyeshika maiki akamwambia, tena kwa upole kabisa, "Mama, pole sana. Lakini leo tumekuja kuongea mambo ya amani, tusirudi nyuma." Watu wakapiga makofi. Mama akaketi.

Mimi pia nilipiga makofi. Hiyo ndiyo imenikosesha usingizi.

Wakenya tumezoeshwa kuona haki na amani kama maji na mafuta. Anayehesabu waliouawa anaitwa mchochezi, anayesema tusahau anaitwa mpenda amani. Mimi nakataa. Amani bila rekodi ni kimya tu, na kimya hakidumu.

Ukidhani natoa hii kwa kichwa changu, twende Wajir.

Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi waliuawa. Idadi rasmi iliyotolewa na serikali ilikuwa watu 57. Takriban miaka 30 baadaye, mwaka wa 2013, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC) ikasema waliokufa wanakaribia 1,000.

Hebu fikiria hapo. Kutoka 57 hadi karibu 1,000, hao wote ni watu. Wana mama zao, wana watoto wao. Na kama leo tunaweza hata kuuliza, ni kwa sababu kuna watu waliokataa kunyamaza. Mmoja alikuwa Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa kifua kikuu huko Wajir. Alisaidia kuokota maiti na majeruhi, na habari na majina vikafika nje ya nchi. Mwaka uliofuata alifukuzwa Kenya.

Sasa, sehemu ambayo watu wengi hawajui. Miaka kama minane hivi baadaye, Wajir hiyo hiyo iliwaka tena, safari hii koo kwa koo. Ukame, wizi wa mifugo, bunduki kutoka mpakani. Ilifika mahali hata sokoni mama wa ukoo huu hawezi kununua maziwa kwa mama wa ukoo ule.

Waliozima huo moto walianza kama kikundi cha wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi. Mazungumzo yao yalianzia harusini. Na hawakuanza na tamasha wala fulana. Walianza na soko. Wakakubaliana kwamba yeyote anaweza kuuza na kununua bila kuulizwa ukoo wake, kisha wakaunda kamati ya kuangalia soko kila siku. Kukitokea ubaguzi au ugomvi, unaripotiwa, unaandikwa, unatatuliwa. Baadaye wakawaleta wazee na vijana mezani, na mwaka wa 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah. Kamati za amani tunazoziona leo kwenye kaunti mbalimbali zilijifunza kutoka kwa hao akina mama. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka wa 2007.

Umeona? Kuandika maovu na kujenga amani zilikuwa kazi moja. Aliyebaguliwa Jumatatu alijua kufikia Jumanne kuna mtu amesikia. Hakuhitaji kulipiza kisasi ndiyo aonekane.

Ukisema hayo ni ya kale, turudi 2024. Tarehe 30 Juni, siku chache baada ya vijana kuingia Bungeni, Rais alisema kwa runinga waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ikasema ni 39. Ni usiku mmoja tu, lakini tofauti ni watu 20. Miaka 40 baada ya Wagalla, bado tunabishana maiti ni ngapi. Tofauti ni kwamba sasa kuna tume ya kuhesabu, iliyoundwa na Kifungu cha 59 cha Katiba. Lakini hiyo tume haina macho kwenye kila kona ya mtaa. Macho ni wewe.

Kwa hivyo tufanye nini? Mimi nimenunua kitabu cha mazoezi, cha kawaida tu. Haya ndiyo ninayofuata.

Kwanza, andika tarehe, saa, mahali, na ulichokiona. Uliyoyasikia yaandike ukurasa wake. Mwaka wa 2007 na 2008 tulipoteza zaidi ya watu 1,100, na uvumi uliotembea kwa simu ulichochea huo moto. Kitabu kizuri kinaua uvumi.

Pili, mtu akikamatwa, andika amepelekwa kituo gani na saa ngapi. Kifungu cha 49 kinasema afikishwe kortini ndani ya saa 24. Bila saa ya kukamatwa, utahesabu hizo 24 kutoka wapi? Ukiripoti kitu polisi, usitoke bila nambari ya OB. Aliyeumizwa achukue fomu ya P3 na ajazwe na daktari mapema, kabla vidonda havijapona. Na kama aliyeumiza ni polisi, iko mamlaka ya IPOA ya kupokea malalamiko.

Tatu, usiposti kila kitu. Sura ya shahidi au ya mama anayelia si ya kutafutia wafuasi. Najisema mimi kwanza, maanake hii ndiyo kazi yangu, na najua vile inavutia.

Nne, na hii ndiyo ngumu. Andika pia ya watu wako. Vijana wetu wakichoma kibanda cha jirani kwa sababu ya kabila lake, hiyo pia inaingia kitabuni. Ukiandika makosa ya karao peke yake, au ya kabila lile peke yake, hiyo si rekodi, ni silaha. Wale akina mama wa Wajir waliaminika kwa sababu soko lilikuwa la kila ukoo.

Najua kuna mtu atasema ninafukua makaburi. Buda, haya hayajafukiwa. Mama wa pale mkutanoni hakuleta fujo. Aliuliza swali kwa adabu, mbele ya viongozi, mchana. Amani haina njia nyingine nzuri kuliko hiyo. Tukimnyamazisha yeye, tunamwambia nini mdogo wa yule kijana, ambaye ana miaka kumi na saba na alikuwa amesimama nje ya hema akisikiza?

Tunaelekea 2027. Hema zitarudi, na fulana, na soda. Nendeni, mimi pia nitaenda. Lakini safari hii nitabeba kitabu, na mama akiinua mkono sitapiga makofi aketi. Nitaandika swali lake, na jina la aliyekataa kulijibu.