Kofre ya zamani haiwezi kubeba maisha ya leo

Kila mtu anayefanya kazi katika kampuni ya mugodi, tangu Kambove mpaka Fungurume, anajua sheria hii: hakuna kugusa mashine mbele ya kukata umeme na kufunga kadena yako mwenyewe. Ufunguo unakaa mfukoni mwako. Hata shefu haruhusiwi kuifungua akijisikia tu. Sheria hiyo imeokoa mikono na maisha ya wengi. Lakini akishafika nyumbani, mfanyakazi huyo huyo anachukua kipande cha waya, anakizungusha kwenye fizibu iliyoungua, na moto inarudi. Jamaa yote inafurahi. Sisi tunasema: hapo njo hatari inaanzia.

Tuzungumze wazi. Nyumba nyingi za zamani, hapa Mulungwishi na kule Likasi, katika komini za Panda, Shituru na Kikula, zilijengwa wakati wa Union Minière ao miaka ya kwanza ya Gécamines. Umeme wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, unatumika tangu 1930. Wakati ule nyumba ya mfanyakazi ilihitaji taa chache, radio, na pasi siku ya Posho. Kofre yenye fizibu mbili za kauri ilitosha. Na ikiharibika, nyumba ilikuwa ya kampuni: fundi wa kampuni njo alikuja kutengeneza. Leo nyumba ni yako, baba. Ulipewa kuta na paa, ukapewa na kofre pia, lakini yule fundi hakuja pamoja nayo.

Sasa tuhesabu. Resho moja ya wati 2000, kwenye volti 220, inavuta karibu ampere 9. Resho mbili ni 18. Ongeza friji, televisheni, pasi, na ile waya inayopita juu ya ukuta kwenda kwa mpangaji wa aneksi. Waya ya zamani ya milimita 1,5 ndani ya ukuta haikuwekwa kwa mzigo huo. Fizibu ya ampere 10 ikiungua, si adui. Inakuambia kama mzigo umepita kiasi. Ukiweka waya mahali pake, hakuna tena kitu cha kuungua mbele. Waya yote ya ndani ya ukuta inageuka kuwa fizibu, na watoto wamelala chini yake.

Delestaji inaongeza hatari. Umeme ukikatika, wengi wanaacha resho wazi ili wajue saa umeme unarudi. Unarudi saa nane za usiku, kila kitu kinavuta mara moja, na sufuria iko kavu juu ya resho.

Kuko wengine wanasema: « Nitanunua dijonteri kubwa, kazi imekwisha. » Hapana. Ukubwa wa dijonteri unafuata unene wa waya, haufuati hamu ya mwenye nyumba. Dijonteri ya ampere 32 juu ya waya ya 1,5 ni sawa na ile fizibu ya kuzungushia waya, ila yenyewe inapendeza macho.

Wengine watatujibu kama mshahara hautoshi, na umeme wenyewe haupatikani kila siku. Ni kweli. Ndiyo maana hatusemi mubomoe nyumba. Kazi inaweza kufanyika kwa hatua. Ya kwanza: dijonteri diferansieli ya miliampere 30 pale kofre inapoanzia. Hiyo inakata umeme wakati mkondo unapotorokea katika mwili wa mtu. Ijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kifungo chake. Ya pili: njia ya resho peke yake, waya ya 2,5 na dijonteri ya ampere 16. Ya tatu: waya ya ardhi, na chuma kinachoingia ndani sana, kwa sababu udongo wetu unakauka kabisa wakati wa kipwa. Waya za taa zinaweza kungoja franka za mwezi mwingine, kama fizibu zake ni za kweli.

Na mukienda soko, muangalie. Kuko waya yenye rangi ya shaba inje, na ndani ni aluminiumu. Kwanguza kwa kisu: ikionekana nyeupe, rudisha. Ni aibu kwa sisi wana wa shaba kulala juu ya shaba ya uongo.

Lakini mzigo huu si wa mwenye nyumba peke yake. SNEL inahesabia umeme mpaka konteri. Kinachofuata inatuachia sisi. Tunaomba fundi wake, anapokuja kuunga nyumba ao kubadilisha konteri, aangalie kofre na aseme kwa maandishi kama ni ya hatari. Kwa kampuni za mugodi: kodi ya migodi ya 2018 inazilazimisha kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Umeme unapoingizwa katika mradi huo, wanahesabu nguzo na kabini. Wahesabu pia kofre ya mama mjane ambaye nguzo inasimama mbele ya mlango wake. Na wenye nyumba wanaopangisha: mpangaji analipa kila mwezi, si haki alale na waya uchi.

Kwa ndugu zetu wa mugodi tunasema neno moja. Munajua kazi ya usalama kuliko watu wote wa mkoa huu. Munaifanya kila asubuhi. Prime ya mwisho wa mwaka ikiingia, mbele ya kununua televisheni kubwa, muite fundi anayejua kazi, mukate umeme, mufungue kofre, muangalie ndani. Kadena ya kazini ilinde na nyumbani.