Njugu za Sukari za Sahani ya Jirani

Safari hii twapenda kuzungumza na mabibi wa nyumbani juu ya kitu kidogo, nacho ni njugu za sukari. Ni kitafunio kisichotaka tanuri wala mashine, kisichotaka mayai wala maziwa, na mwenye sufuria moja, mwiko na jiko la makaa aweza kukimaliza katika muda usiozidi nusu saa. Huliwa alasiri kwa kahawa chungu, hutiwa katika kisahani mgeni anapopiga hodi, na siku za Idi hupangwa pamoja na visheti, kashata na halua katika sahani zinazopelekwa kwa majirani.

Twajua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawahitaji kufundishwa kukoroga sukari. Lakini tumeona kwamba katika kazi hii watu hutilia maanani ile sehemu ya pili, yaani moto na mwiko, na huipita mbio ile ya kwanza, nayo ndiyo yenye uzito. Sukari ina tabia ya kusitiri. Njugu mbovu ikishavikwa sukari na hiliki hufanana na njugu njema, na yule aliyeletewa hana njia ya kuitambua mpaka imekwisha kuwamo kinywani, na pengine hata hapo asiitambue. Kusitiri aibu ya mtu ni jambo tulilohimizwa. Kusitiri ubovu wa chakula ni jambo jingine kabisa. Wasomaji wanaijua aya ya 267 ya Suratul Baqara, inayokataza kuchagua kilicho kibaya ndicho kitolewe. Aghalabu aya ile hukumbukwa katika mambo ya zaka na sadaka, nasi twaona kwamba haiko mbali na ungo wa njugu.

Basi tuanze sokoni. Njugu hizi, ambazo ndugu zetu wa bara huziita karanga, asili yake ni Amerika ya Kusini, na zimekwisha kuwa mazao yetu kwa muda mrefu. Wazee wanaukumbuka ule mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na makelele mengi, ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kupotea zaidi ya paundi milioni 30. Matrekta yalishindwa, bali jembe la mkono halikushindwa, na sehemu kubwa ya njugu tunazonunua leo hutoka katika mashamba madogo. Mkulima huyo hung'oa, huanika, hupukuchua na kutia magunia. Akianika juu ya udongo mtupu, au mvua ikamkuta kabla njugu hazijakauka, au akazilowesha maji apate kuzimenya kwa urahisi, basi humo ndimo ukungu unapopata njia.

Ukungu huo hutoa sumu ambayo kwa Kiswahili cha siku hizi yaitwa sumukuvu. Wataalamu waliitambua kwa mara ya kwanza baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga laki moja walipokufa huko Uingereza kwa kula chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga. Hapa kwetu tumeijua kwa njia iliyo chungu zaidi. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika Kenya kwa mahindi yaliyoingia sumu hiyo, na mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Hao waliupata kwa wingi na kwa haraka. Mwenye kuula kidogo kidogo miaka mingi haoni kitu siku ile, lakini ini lake ndilo linaloumia, na saratani ya ini ni moja katika matokeo yake.

Hatusemi haya ili kuwatisha watu wasile njugu. Njugu ni chakula chema, chenye mafuta na nguvu ya kujenga mwili. Twayasema kwa sababu ya neno moja ambalo lasikika majikoni, kwamba moto huua kila kitu. Moto wa kikaango huua ukungu wenyewe, lakini sumu uliokwisha kuiacha hupunguka tu, haiondoki yote. Kwa hiyo hakuna kukaanga kunakoweza kusimama mahali pa kuchambua.

Kuchambua kwenyewe si kazi ya kutisha. Ukipata njugu zilizo bado na maganda yake magumu ni bora, kwa sababu ganda zima ni ulinzi. Zitikise, na zile zinazolia kwa wepesi, au zenye matundu na madoa meusi, ziweke kando. Ukinunua zilizomenywa, zimwage juu ya ungo mahali penye mwanga wa mchana, wala si usiku chini ya taa. Peta vumbi, kisha pitisha mkono taratibu. Toa zilizokunjamana, zilizovunjika, zilizochipua, zilizogeuka rangi kuwa nyeusi au manjano ya kuchujuka, na kila moja yenye unga wa kijani au wa kijivu. Halafu twaa chache katika zile zilizobaki, uzipasue katikati, maana ukungu hupenda kukaa baina ya vipande viwili ambako jicho halifiki. Onja moja. Ikiwa chungu, iteme. Ukikuta mbovu nyingi katika kipimo kimoja, usijisumbue kuokoa zilizosalia. Zote zimekaa katika gunia moja, na si kila njugu yenye sumu huonyesha alama.

Hapo hutokea swali la zile zilizotolewa. Mama mwenye huruma ya mali huzitupia kuku, au humpa mwenye ng'ombe wa maziwa. Tafadhali msifanye hivyo. Kuku hudhurika kama tunavyodhurika, na ng'ombe akila sumu hiyo hupitisha sehemu yake katika maziwa, nayo maziwa hurudi katika kikombe cha mtoto. Zifukieni au zichomeni moto. Wala zisipelekwe kwa muuza njugu za kusaga, kwa kuwa sukari husitiri, na kinu nacho husitiri zaidi.

Sasa twende jikoni. Twaa vikombe viwili vya njugu mbichi zilizochambuliwa, zenye ngozi yake nyekundu, kadiri ya gramu 300. Sukari kikombe kimoja, kadiri ya gramu 200. Maji nusu kikombe. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Na hiliki tano zilizotwangwa. Ngozi ile nyekundu usiiondoe, kwani sukari huishika vizuri kuliko njugu iliyo uchi. Sufuria iwe pana na yenye kitako kizito. Zile nyembamba za bati huunguza upande mmoja kabla ya upande wa pili kupata habari.

Tia vyote sufuriani isipokuwa hiliki, bandika juu ya moto wa wastani, na ukoroge. Shira itachemka kwa mapovu makubwa, kisha itakuwa nzito, na baada ya dakika kumi hivi maji yatakauka na sukari itageuka ghafula kuwa kama mchanga mweupe uliowagandia njugu. Wasichana wanaofanya mara ya kwanza hushtuka hapa, na wengine huongeza maji wakidhani kazi imeharibika. Haikuharibika. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Punguza moto na uendelee kukoroga ukifika chini kabisa ya sufuria, nao ule mchanga utaanza kuyeyuka kidogo kidogo, ukizipaka njugu rangi ya hudhurungi. Tia hiliki. Zikiwa nusu zang'aa na nusu zina mchanga, epua. Ngozi zinapopasuka huwa zimekwisha kuiva ndani. Zimwage juu ya sinia lililopakwa samli kidogo, uzitenganishe kwa mwiko au uma wakati zingali moto, kwa kuwa zikipoa zikiwa zimeshikana utahitaji nyundo.

Wako wapendao kuyeyusha sukari yote mpaka njugu zing'ae kama kioo. Ni nzuri kwa macho, nasi hatuwakatazi, lakini kwa hali ya hewa ya Unguja, Mombasa au Tanga sisi twachagua zile zenye mchanga. Sukari iliyoyeyuka ikawa kioo huvuta unyevu wa hewa upesi kuliko sukari iliyoganda katika chembe zake, na siku mbili tu za masika zatosha kuifanya inate vidoleni.

Tahadhari moja tuiseme kwa mkazo. Maji yanayochemka huwa na joto la digrii 100. Sukari inapogeuka rangi huwa imepita digrii 150, na ikiruka mkononi hugandia ngozi wala haitiririki. Watoto wasiwe karibu na jiko, hata wale wanaotaka kusaidia. Kazi yao iwe ungoni, ambako macho yao makali ni msaada wa kweli. Mtu akiungua, aweke mahali palipoungua katika maji ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Samli, dawa ya meno na unga wa ngano si dawa ya moto.

Korosho nazo hufanywa vivyo hivyo, ila kwa mabadiliko kidogo. Kwa kuwa hazina ngozi ya kushika sukari na huiva upesi, zikaange kwanza kavu kwa moto mdogo mpaka zianze kupata rangi, uziepue. Kisha pika shira ya nusu kikombe cha sukari kwa vikombe viwili vya korosho, na shira ikishakuwa nzito uzirudishe. Zafarani kidogo iliyoloweshwa katika kijiko cha maji huzifaa sana. Nunueni zilizokwisha kubanguliwa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi, na kubangua ni kazi ya wenye ujuzi wake.

Imebaki sahani. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr kuzidisha maji ya mchuzi ili jirani naye apate, na katika miji yetu ya pwani usia huo umekuwa desturi ya kila jioni ya Ramadhani: mtoto hupita kichochoroni na sahani iliyofunikwa kawa, naye harudishwi na sahani tupu. Lakini kabla ya kumtuma mtoto, yafaa kumfikiria anayepelekewa. Nyumba yenye mtoto aliye chini ya miaka mitano isipelekewe njugu nzima bila ya kumwambia mama yake, maana njugu moja yatosha kuziba koo la mtoto mdogo; kwa nyumba hiyo ziponde ponde, au upeleke kashata laini za nazi. Mzee mwenye maradhi ya kisukari hapendi kuonekana mtovu wa adabu, na huenda akala kwa ajili yako. Mtengee fungu lake la njugu zilizokaangwa kavu bila ya sukari, na umwambie wazi kwamba hizi ni zake. Wako pia watu ambao miili yao huzikataa njugu kabisa, hata chembe moja yaweza kuwavimbisha koo na kuwazuia pumzi. Kwa jirani mgeni, kuuliza kwanza si kumvunjia heshima. Na ikiwa wamtumia mtu sahani yenye vitu mbalimbali, usizichanganye njugu na visheti.

Kwa wale wanaopeleka mbali, chupa pana ya kioo yenye kifuniko cha kukaza ndiyo bora. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa Kenya tangu mwaka 2017 na Tanzania bara tangu mwaka 2019, nasi hatuisikitikii, kwa kuwa zawadi haikupata kupendeza ndani yake. Kikapu kidogo cha ukili kilichotandikwa karatasi safi chapendeza zaidi, na mwenye kupelekewa hubaki nacho. Karatasi ya gazeti msiitumie, hata gazeti letu hili. Wino wake haukuwekwa kwa ajili ya kuliwa.

Zikipoa kabisa, wala si kabla, zitieni chupani. Zikifungwa zingali na vuguvugu, mvuke wake wenyewe utazilainisha. Zikiwekwa mahali pakavu, mbali na jiko, hukaa wiki mbili kwa uzuri wake, na wakati wa masika ni afadhali kupika kidogo kila wiki. Zikilainika kwa unyevu, zirudisheni katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo kwa dakika tano, mkizigeuza, kisha zitandazeni juu ya sinia mpaka zipoe, nazo zitarudia kukauka.