Chakula Kitangulie Mvinyo

Imani kwamba mlo mzuri hufuta madhara ya mvinyo ina chembe ya ukweli na sehemu kubwa ya kujifariji, na kinachotenganisha mambo hayo mawili ni saa ambayo chakula hicho kinaliwa. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 hubeba takriban gramu 14 za ethanoli, yaani kile kilevi chenyewe kinachopatikana katika kila aina ya pombe. Kiasi kidogo cha ethanoli hiyo hupenya kwenye kuta za tumbo, lakini kilicho kingi hufyonzwa baada ya kufika kwenye utumbo mwembamba, ambako huingia katika damu kwa kasi. Kati ya tumbo na utumbo huo upo msuli wa mviringo uitwao pailorasi, ambao ni kama bawabu: tumbo likiwa tupu, kinywaji hupita bila kuzuiwa, na likiwa na chakula, hasa chenye mafuta, protini na nyuzinyuzi, msuli huo hubana na kuachia kidogo kidogo. Ndiyo maana watu wawili wenye uzito sawa wanaweza kunywa glasi ileile, na aliyekula wali kwa maharage na samaki akabaki na kiwango cha kilevi katika damu kilicho chini kwa mbali kuliko cha mwenzake aliyeshinda njaa.

Kinachobaki baada ya hapo ni kazi ya ini, na kazi hiyo haina njia ya mkato. Kwa msaada wa vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, ini huigeuza ethanoli kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha huigeuza sumu hiyo kuwa asetati isiyo na madhara makubwa. Kwa wastani ini la mtu mzima humaliza gramu 7 hadi 10 kwa saa, hivyo glasi moja huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na chupa nzima ya mililita 750 huliachia ini kazi ya usiku kucha. Bakuli la supu ya makongoro asubuhi, lililokamuliwa ndimu na kutiwa pilipili, huurudishia mwili maji na chumvi, jambo lenye manufaa kwa kuwa ethanoli huzuia homoni ya vasopresini inayoziamuru figo kuhifadhi maji; hata hivyo supu hiyo hailiongezei ini kasi inayofaa kutajwa, na jasho linalomtoka mnywaji wa supu ni la pilipili zaidi kuliko la mvinyo. Wanaozimua, yaani wanaokunywa tena asubuhi ili kichwa kitulie, huahirisha tu maumivu na kuliongezea ini mzigo.

Wapo wanaojitetea kwa hoja ya Wafaransa, ambao mtafiti Serge Renaud aliandika mwaka 1992 kwamba walikuwa na vifo vichache vya ugonjwa wa moyo ingawa walikula mafuta mengi, na mvinyo ukapewa sifa. Sifa hiyo imepungua sana tangu hapo. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya, na vinywaji vyenye kilevi vimeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Hakuna mboga inayofuta hilo. Pale ambapo chakula kina msaada wa kweli ni katika vitamini B1, ambayo pombe huzuia ufyonzwaji wake na ambayo upungufu wake mkubwa huharibu ubongo. Maharage, karanga na ugali wa dona huileta kwa wingi, ilhali sembe hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo mashineni.

Kwa mantiki hiyo, ratiba ya sherehe za harusi mijini Tanzania inastahili kulaumiwa. Mvinyo wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, umekuwa kinywaji cha kawaida mezani, lakini huwekwa mbele ya wageni saa moja jioni, kisha wanasubiriwa maharusi, utambulisho wa koo mbili, ufunguzi wa shampeni, ukataji wa keki na msururu wa zawadi, na mshereheshaji anapoita watu kwenye foleni ya chakula, mara nyingi ni saa nne usiku. Baadhi ya wageni huwa hawajala tangu asubuhi, kwa makusudi, ili wasiikose nafasi ya pilau. Hatari kwao ni mbili, kwa sababu ini linaloshughulika na ethanoli hupunguza utengenezaji wa glukosi, na mtu mwenye njaa anaweza kushuka sukari, akatetemeka na kulegea huku meza nzima ikidhani amelewa tu. Karanga za chumvi zinazotangulia husaidia kidogo, ingawa chumvi yake huongeza kiu, na kiu hiyo huishia kwenye glasi.

Kamati za harusi, ambazo hukutana kwa miezi kadhaa kukusanya michango na kubishania rangi za mapambo, zina uwezo wa kulirekebisha jambo hili katika kikao kimoja. Chakula kitolewe kabla ya shampeni, maji yawekwe kwenye kila meza, na mjamzito pamoja na anayeendesha gari wapewe kinywaji kisicho na kilevi bila kuulizwa maswali. Mabadiliko hayo hayahitaji kuongeza mchango hata kwa shilingi moja.