ELKANA ALIKUWA NA PENINA. WEWE UNA NANI?



Hapa Garsen naletewa akina mama niwaombee tumbo. Wamefunga, wamekunywa mitishamba, wamepimwa mara tatu. Mume yuko wapi? Yuko nje, anangoja mke afunguliwe.

Ndugu, acha kujificha nyuma ya Hana. Elkana alikuwa na watoto kwa Penina, ndiyo maana tunajua shida haikuwa kwake. Wewe ushahidi wako ni upi? Nguvu za kitandani? Hizo si mbegu. Mwanamume anaweza kuwa simba chumbani na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mume naye anachangia.

Tena sisi wa Mto Tana tumekua tukioga maji yenye kichocho. Ulikojoa damu utotoni ukanyamaza? Mayai ya minyoo ile hukwama hata kwenye viungo vinavyotengeneza shahawa. Wengine wana mishipa iliyovimba kwenye korodani, na ina matibabu. Hayo si mapepo, usiniite nikemee.

Kipimo chenyewe hakina uchungu. Kaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, toa shahawa kwenye kikopo, maabara wahesabu. Majibu yakiwa mabaya, rudia kipimo kabla ya kukata tamaa. Maombi tutaendelea nayo, lakini uje na karatasi.

Na wewe mama mkwe, usimtafutie mwanao mke wa pili kabla karatasi yake haijasomwa.