Mwalimu mkimbizi astahili mshahara, si motisha

Kuna neno moja litumiwalo sana katika kambi za Kakuma na Dadaab ambalo kila mwalimu wa nchi hii angefaa kulitafakari. Neno lenyewe ni 'motisha', au 'insentivu' kama wasemavyo wakazi wa kambi. Hilo ndilo jina la fedha anazopewa mkimbizi anayefundisha, anayeuguza wagonjwa, anayekalimani au anayegawa chakula kwa niaba ya mashirika ya misaada. Haziitwi mshahara. Mpokeaji naye haitwi mwajiriwa. Huhesabiwa kuwa mtu aliyejitolea, ingawa hufika kazini asubuhi na mapema, husahihisha madaftari usiku na hutakiwa kujieleza siku asipoonekana.

Walimu wengi wa shule za msingi kambini ni wakimbizi. Hufuata mtaala wa Kenya, na waliwatayarisha watoto kwa mtihani wa KCPE hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Darasa la wanafunzi zaidi ya 100 si kioja kwao. Katika chumba kile kile cha walimu huketi Mkenya aliyeajiriwa kufundisha shule iyo hiyo, ambaye mshahara wake ni mara kadhaa ya motisha ya mwenzake. Motisha hiyo ni shilingi elfu chache kwa mwezi, malipo ya kijungujiko. Mwalimu mmoja kutoka Kakuma alinieleza, tena bila uchungu wowote, kwamba wanafunzi wake wa zamani walioacha shule na kuanza kuendesha bodaboda humpungia mkono njiani, nao wanapata kumshinda.

Haikuwa hivi tangu jadi. Wasomaji walioketi madarasani katika miaka ya 1970 na ya 1980 watawakumbuka walimu wa Uganda, hasa wa Hisabati, Sayansi na Kiingereza, waliofika hapa wakikimbia utawala wa Idi Amin na vurugu zilizoufuata. Wengi wao hawakupelekwa katika kambi yoyote. Walipewa madarasa, wakalipwa mishahara kama walimu, wakapanga nyumba mijini na kuwasomesha watoto wao pamoja na wetu. Okot p'Bitek mwenyewe, ambaye hakuweza kurudi kwao wakati huo, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuna aliyefikiri kwamba uhamisho wake uliifanya mihadhara yake iwe ya bei nafuu.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia, huku vita vya Sudan na Ethiopia vikiwasukuma wengine kwetu. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka huo, na Kakuma mwaka wa 1992. Watu walikuja kwa mamia ya maelfu, na serikali, ambayo haikuwa na sheria maalum ya wakimbizi hadi mwaka wa 2006, iliukabidhi mzigo huo kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, UNHCR. Mkimbizi akatakiwa kukaa kambini. Kufanya kazi bila kibali likawa kosa, na kibali chenyewe kikawa adimu kama kaburi la baniani. Hata hivyo, shule za kambini zilihitaji walimu na zahanati zilihitaji wahudumu. Njia ya kukwepa kizuizi hicho ikapatikana katika lugha: kazi ikaitwa kujitolea, ujira ukaitwa motisha.

Tukizitazama sheria zetu, twaona kwamba hila hiyo haina mahali pa kuegemea. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka wa 1966, na mkataba huo unazungumzia waziwazi haki ya mkimbizi ya kufanya kazi ya ujira. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Haikusema kila raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 nayo inamruhusu mkimbizi kuajiriwa au kufanya kazi ya taaluma yake, mradi vyeti vyake viwe vinatambuliwa humu nchini. Lakini kati ya sheria na mlango wa darasa kuna kibali cha kazi cha daraja la M, ambacho wanaokipata ni wachache mno, na kuna usajili wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC.

Watetezi wa motisha wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mkimbizi hupewa chakula na makao bure, kwa hivyo hana haja ya mshahara kamili. Hoja hii ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwa kuwa mshahara hulipia kazi, haulipii njaa. Mwaka wa 2025, mgao wa chakula ulipopunguzwa hadi chini ya nusu na wakimbizi wa Kakuma wakaandamana, hata udhaifu wake huo ulikosa pa kujificha. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Fedha za wafadhili ni chache. Ukimlipa kila mwalimu sawasawa utabaki na walimu wachache na madarasa makubwa zaidi. Siwezi kuipuuza hesabu hiyo. Ninachouliza ni kwa nini upungufu huo ubebwe na kundi moja tu katika chumba cha walimu.

Isitoshe, ujira duni wa mkimbizi humdhuru hata mwenyeji. Kijana wa Turkana au Garissa aliyehitimu ualimu na kukosa kazi anashindana na mtu ambaye hana ruhusa ya kudai zaidi. Naye mwalimu wa mbali na kambi asidhani yeye amesalimika. Mwaka wa 2024 tuliwaona walimu wa sekondari msingi, wenye vyeti na nambari za usajili, wakigoma kwa sababu waliitwa wanagenzi na kulipwa shilingi 20,000 kabla ya makato. Aprili mwaka huo mahakama ya leba ilikuwa imeamua kwamba mpango huo ulikiuka haki zao za kazi. Uanagenzi na motisha ni ndugu wa tumbo moja.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida na kuziingiza shule zake katika mfumo wa kaunti na serikali kuu. Mengi yameandikwa kuhusu barabara na maji. Swali la mwalimu nalo linahitaji jibu. Wapo wakimbizi waliosomea ualimu papo hapo Dadaab chini ya vyuo vikuu vyetu vya Kenyatta na Moi. Hao TSC iwasajili kwanza, kwani hakuna cheti cha kigeni cha kuchunguzwa. Kisha iwekwe tarehe ambayo neno motisha litaondolewa katika mikataba ya walimu, na vyama vya KNUT na KUPPET viketi katika mkutano utakaoipanga.