Damu Husema Kabla ya Kisu

Ndugu msomaji, jamaa wanapomsindikiza mzee wao kwenda kupasuliwa moyo, aghalabu kinachowatia shaka si kisu tu, bali pia sindano. Damu yachotwa leo, yachotwa kesho, na baada ya upasuaji yachotwa tena. Wapo wanaonung'unika kwamba mgonjwa anapunguziwa hata nguvu kidogo aliyobaki nayo, na wapo wanaokataa. Yafaa basi tueleze damu hiyo yatafutiwa nini.

Mishipa inayoulisha moyo ikiziba, daktari huchukua mshipa mguuni au kifuani na kuupandikiza ili damu ipate njia mpya. Kazi hii hufanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Mara nyingi moyo husimamishwa, na mashine ikafanya kazi ya moyo na mapafu. Hata upasuaji ukienda vizuri, figo zaweza kushindwa kazi, au kidonda kikaingia vijidudu.

Kreatinini ni taka inayochujwa na figo. Ikizidi katika damu kabla ya upasuaji, madaktari hujua kwamba figo hizo zahitaji ulinzi. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu hufichua kisukari kisichodhibitiwa, ambacho ni adui wa kidonda cha kifua. Upungufu wa damu nao huongeza hatari. Ukitokana na uhaba wa madini ya chuma, hutibika mapema.

Baada ya upasuaji hupimwa troponini, yaani protini inayovuja kutoka misuli ya moyo iliyoumia. Hii hupanda kwa karibu kila aliyepasuliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wa wagonjwa zaidi ya 13,000 katika nchi 12, ulionyesha kwamba kiwango kinachoashiria hatari ya kifo ni kikubwa mno kuliko kile kilichotajwa na miongozo ya awali. Kwa hiyo tarakimu moja haitoshi. Daktari huipima tena na kumtazama mgonjwa mwenyewe.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Lakini mkazi wa Makole ajua kwamba wingu la Dodoma laweza kupita bila kudondosha tone. Hata hivyo, mwenye busara huanua nguo kambani. Kadhalika, kipimo kibaya si hukumu ya kifo, bali ni onyo la kujiandaa.

Ndugu msomaji, damu ya kipimo kimoja ni mililita chache tu. Usiikatae, wala usimfiche daktari ugonjwa wa zamani. Uliza kipimo ni cha nini, majibu yamesemaje, na hatua gani itafuata. Tena usingoje kufika Dar es Salaam: nenda Kituo cha Afya Makole, upimwe shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu, ukiwa bado watembea kwa miguu yako.